Mwalimu Zita Simpasa na Majina Yetu

Mwalimu Zita Simpasa anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na saba ya kufundisha. Alianzia Muze, ambako alifundisha kuhesabu kwa vigunzi vya mahindi, kisha akahamia hapa Katandala. Sisi wa Darasa la Saba alitufundisha kusoma. Wazazi wetu wengi aliwafundisha pia.

Alijulikana kwa kuita mahudhurio kwa kichwa. Daftari lilibaki limefungwa mezani, naye alitaja majina yote huku akimfunga mtoto fulani kamba za viatu.

Mwaka 2019, tulipokuwa Darasa la Kwanza, majina yalianza kumpotea. Alituita kwa majina ya wazazi wetu, nasi tulicheka. Alisimama ubaoni na chaki asijue alitaka kuandika nini. Mtaani walisema anakunywa pombe ya ulezi asubuhi. Kisha, wiki mbili baada ya mwenzetu Isdori kufariki kwa malaria, Mwalimu akamwita. Akamwita tena. Mama yake alikuwa mlangoni, amekuja kurudisha vitabu vya shule.

Siku hiyo Mwalimu aliandika barua ya kuacha kazi. Kabla hajaipeleka, Mama Isdori alimfuata nyumbani.

"Shikamoo, Mwalimu. Na wewe unameza ile dawa ya wakati wa kulala? Mimi ilinizungusha kichwa, nikaota mabaya mpaka nikaogopa kitanda. Waambie kliniki wakubadilishie. Ila usiiache mwenyewe, nakusihi."

Mwalimu anatumia dawa za VVU tangu 2006, na ile ya usiku ilimletea ndoto hizo hizo na kumsahaulisha. Kliniki alikuwa amenyamaza, akiogopa kunyang'anywa dawa iliyomweka hai. Safari hii alisema, akabadilishiwa. Ndoto zilikoma, na ubaoni akawa anamaliza sentensi zake. Lakini majina hayakurudi yote. Tangu hapo anaita kwa daftari, rula chini ya kila jina. Ameturuhusu kuandika haya ili mwingine asinyamaze.

Leo ameomba kutuita kwa kichwa kwa mara ya mwisho. Tuko arobaini na sita. Akikwama tutangoja, hakuna atakayenong'ona wala kucheka. Akimwita Isdori, mama yake ameomba aitikie yeye.

Asante, Mwalimu. Tunakuombea afya na usingizi mzuri huko Pito unakokwenda kupumzika. Ukisahau majina yetu, tutakuja kujitambulisha upya.