Maua ya Msiba Kwenye Meza ya Harusi

Ninyi vijana mnaojifunza kupamba, mtakaoyasoma haya au kusomewa, kaeni vizuri mnisikilize. Niliyasema mbele ya akina mama wa jumuiya yetu. Wengine walilia, wengine waliguna. Mwalimu wenu akaomba yaandikwe, mjue kwamba hata kazi ya maua ina mahali pa kuangukia. Majina ya watu sitayataja. Wapo hai, na wanapita barabara hii kila siku.

Mimi ni mtu wa jembe. Nimelima pamba upande wa Kharumwa mpaka baba wa watoto wangu alipofariki. Arobaini haijaisha, shemeji zangu wakawaingiza wachimbaji wa dhahabu shambani. Yakachimbwa maduara kila mahali, mashimo marefu ya kuingilia mtu, nami nikabaki pembeni kama mgeni. Nikafunga nguo zangu nikaja Kahama, hapa Nyasubi, kwa binti yangu. Ndugu zangu, nawaambia, kula ugali wa mkwe huku mikono imekaa bure ni adhabu. Kila tonge unalihesabu.

Jirani alikuwapo mama mmoja mpambaji, umri wake sawa na wa binti yangu. Nikamwomba kazi. Akaniambia hana kazi ya bibi, ila ndoo za maua zipo chafu. Nikaosha ndoo. Miezi nikiosha, jicho langu lipo mikononi mwake.

Siku aliponipa maua nipange, alisimama nyuma yangu akacheka.

"Bibi, hapo unapanga maua au unafunga kuni?"

"Nafunga kuni zenye rangi."

"Basi kazipikie. Fungua, anza upya."

Nilifungua mara ngapi, sijui. Alinifundisha kwamba sponji ya maua huikandamizi ndani ya maji. Unailaza juu, izame yenyewe, ukiikandamiza katikati inabaki kavu na maua yanakufa ukiwa bado ukumbini. Alinifundisha kuvua waridi la Arusha zile petali za nje zilizochubuka ndani ya basi. Maua ya plastiki yanafuliwa kwa sabuni, yanaanikwa kivulini. Na sura ya ua iwatazame wageni, isitazame ukuta. Hilo alinipigia kelele mpaka nikaliota.

Mwaka wa pili akaniachia mashada ya misiba. Harusi zilibaki zake.

Msiba mmoja ulikuwa wa mtoto wa kike, miaka minne, homa tu ya siku tatu. Mama yake alikataa kukaa ndani na wenzake. Akaja kukaa chini, ubavuni kwangu, nikiwa nafunga maua meupe ya plastiki kwenye waya. Hakulia. Alikuwa na gauni la njano la yule mtoto. Akalichana vipande vyembamba, akawa anachukua kila ua ninalomaliza, anafunga kipande kwenye shina, chini ya jani, mahali pasipoonekana.

Nikamuuliza, "Ng'wana wane, mwanangu, hicho cha nini?"

Akasema, "Ajue ni la kwake."

Nilisikia kwa masikio yangu haya. Msije mkasema sikujua.

Baadaye kichwa kikanivimba. Watu walinisifu, nami nikajiona nimemaliza kujifunza. Nikamwambia mwalimu wangu, "Sasa nasimama mwenyewe." Akanitazama akasema, "Bibi, harusi siyo msiba. Kwenye msiba hakuna anayekagua." Nikaona ana wivu. Nikaondoka.

Kazi yangu kubwa ya kwanza ilikuwa harusi ya watu wenye uwezo. Kamati ilitaka tao zima la maua meupe nyuma ya maharusi, na mengine mbele ya meza kuu. Mzigo wangu ulitoka Mwanza, wakaupakia kwenye basi lisilo letu, ukashukia Buseresere huko. Harusi kesho. Nikamaliza maduka yote ya Kahama. Tao likajaa upande mmoja, upande wa pili chuma kinaonekana.

Hapo ndipo wazo liliponijia, na lilikuja limevaa nguo safi. Liliniambia: yale maua ya makaburini uliyafunga wewe. Ni mikono yako. Yanapigwa jua, mbuzi wanayakanyaga, aliyelala pale hayaoni. Unachukua vyako.

Nikaenda mchana kweupe, nimebeba ndoo, kama mtu anayekwenda kupalilia kaburi la nduguye. Nikachukua kwenye makaburi manne. La mtoto lilikuwa la mwisho, na ndilo lililokuwa na maua mazuri kuliko yote. Nikayafua kwa sabuni, nikaanika kivulini, kama nilivyofundishwa. Vile vipande vya njano nikavikata. Niliona nimevimaliza.

Harusi ikafika. Tao lilipendeza. Kweli lilipendeza, sitawadanganya. Ukafika wakati wa zawadi, akina mama wa upande wa bwana harusi wakaingia wakicheza na vitenge mabegani. Katikati yao alikuwapo yule mama. Sikujua kama ni ndugu yao. Alipofika meza kuu akaacha kucheza. Akainama, akachomoa ua moja, akaligeuza.

Mshereheshaji akapaza sauti, "Mama amependa maua! Mama anataka na yeye aolewe tena!" Ukumbi ukacheka. Vigelegele.

Yeye akatembea na lile ua mpaka nilipokuwa nimesimama, pembeni mwa majenereta. Chini ya jani palikuwa na kipande cha njano, kimepauka.

"Mayu," akaniita, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma. "Hili nilimfungia mwanangu."



Hakupiga kelele yeye. Walipiga wengine. Ndani ya muda mfupi ukumbi mzima ulijua kwamba bibi harusi amekalishwa chini ya maua ya makaburini. Mama yake akalia kama amefiwa. Vijana wakang'oa kila kitu wakakitupa shimo la taka nje, na yule binti wa watu akamalizia harusi yake mbele ya chuma kitupu. Mpaka leo nikiona picha za harusi ya mtu yeyote, namuona yeye.

Sasa nanyi mnajua kwetu huku. Mwanamke mzee, mjane, macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka yote, akitajwa pamoja na makaburi, hapo hakuna anayezungumzia mapambo tena. Kesho yake nilipokwenda bombani wanawake walibeba ndoo zao nusu wakaondoka. Wajukuu wangu wakarudi kutoka shuleni wamechaniwa daftari. "Bibi yenu anakula maiti." Mmoja akaniuliza kama ni kweli. Mjukuu niliyembeba mgongoni, akaniuliza huku amesimama mbali.

Wapo wazee wenzangu waliokatwa mapanga kwa maneno machache kuliko hayo. Nililijua hilo, na binti yangu alilijua.

Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano mapema, kabla watu hawajaitisha wao. Asubuhi ile mkwe wangu akasimama nje ya mlango, kama heshima ya mkwe inavyotaka, akasema akiwa ametazama pembeni, "Mama, semeni mliyanunua. Mliuziwa, hamkujua yalikotoka."

Nilikwenda na maneno hayo mdomoni. Mwenyekiti akauliza, "Bibi, maua yale ulinunua wapi?" Nikafungua mdomo, na jicho langu likamwangukia mwalimu wangu. Alikuwa amekaa mbele. Kahama nzima walijua nilikuwa nachukua maua kwake. Nikisema nimeuziwa, muuzaji ni nani? Pale pale nikamuona akivunjiwa duka, akiitwa jina ninaloitwa mimi.

Nikasema, "Sikununua. Mimi siyo mchawi. Mimi ni mwizi."

Watu wakaguna. Kijana mmoja nyuma akapaza sauti, "Mwizi gani anaibia maiti? Huyo ni mchawi, mnapoteza muda!" Wengine wakaitikia. Wakaanza kusimama, nami nikatafuta mlango ulipo, na mkutano ulikuwa chini ya anga.

Ndipo yule mama aliposimama. Hakunitazama.

"Aliyefiwa ni mimi," alisema. "Kaburi nimelikagua. Udongo haujaguswa. Msalaba upo. Kilichoondoka ni maua, na maua yote yalikuwa ukumbini mbele ya macho yenu. Huyu ni mwizi, na tena mwizi wa hovyo. Asipewe jina lisilo lake." Kisha akanigeukia. "Utarudisha. Mchana, mimi nikiwa nimesimama."

Nikaingia ndani ya shimo la taka la ule ukumbi, wali na mifupa mpaka magotini, nikayaokota. Nikayafua. Nikayarudisha makaburi yote manne, moja baada ya moja, watu wakitazama kutoka barabarani. Kwenye kaburi la mtoto mama yake alinipa vipande vipya vya njano, nikafunga mimi. Tangu siku ile hajaniamkia. Tunakutana sokoni, shikamoo yake siipati, na siyo haki yangu kuitafuta. Wengine wananiambia Mungu amekwisha kunisamehe, nitulie. Sawa. Yeye hajasema.

Mwalimu wangu alinipokea tena. Kwenye ndoo. Nikaosha ndoo mwaka mzima bila kugusa ua, na ilikuwa sawa. Leo nafunga mashada ya misiba tu, na binti yangu na wajukuu wananisaidia. Harusi sizigusi, hakuna atakayeniita, nimekubali.

Nawashukuru watu watatu: mwenyekiti aliyewahi, mwalimu aliyenipa ndoo, na yule mama aliyeniita mwizi nikaishi. Wabeja sana. Nanyi vijana, shikeni hili moja: ukishamkabidhi mtu ua, jasho lako limekwisha pale. Siyo lako tena. Usirudi kulitazama kwa jicho la mwenye mali.

Siku niliporudishiwa kazi niliwaita wote wa nyumbani, nikawapa amri, na inafuatwa mpaka leo: "Shada la msiba lisitoke mlangoni humu kabla kila ua halijachanwa petali moja kwa mkasi, lisimfae mtu mwingine yeyote. Asiyeweza kuchana asifunge. Na siku mtakapofunga langu, chaneni yote."