Mama Pipa Hakulala Kwingine

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Mama Pipa.

Alikuwa mwembamba kama ufito. Jina alilipata kwa pipa la bluu lililokaa chumba cha nyuma. Ndani yake alifuga vijidudu. Ndiyo, vijidudu! Ni mbolea hai. Unaloweka mbegu za maharage humo, unapanda, navyo vinaingia mizizini na kuulisha mmea. Mashamba yaliyochoka yakarudi kubeba. Aliyezoea kuvuna debe akatafuta magunia.

Lakini chenye uhai hula. Asubuhi na jioni, molasi kidogo, maji kidogo, koroga. Tena maji ya bomba yalale kwanza kwenye beseni wazi, maana dawa iliyomo huua vijidudu.

Mwaka mmoja Mama Pipa alikwenda harusini kwa dada yake. Pipa akamwachia shemeji yake. Aliporudi, chumba kilinukia sabuni.

"Shemeji, umelifanya nini?"

"Nimelisafisha kidogo. Lilikuwa linanuka uchachu, na wageni wanakuja."

"Umeniulia wanangu!"

"Wanao? Mbona mimi niliona povu tu?"

Majirani wengine walikuwa wameshachota humo na kupanda. Maharage yao yakatoka ya njano, yamedumaa. Mama Pipa alipita nyumba kwa nyumba akiomba radhi. Akaanza upya. Na toka siku hiyo, wasikilizaji, hakulala kwingine.

Chumba kile kina mlango mmoja na kidirisha cha kupitisha mkono. Binti yake aliishi mbali. Kila alipopiga simu, yalikuwa yale yale.

"Mama, njoo uwaone wajukuu."

"Nikija, nani atakoroga?"

"Si uwafundishe watu?"

"Nimewafundisha, mwanangu. Kila mmoja ana harusi."

Dada yake akaugua, hakwenda. Dada akafa, hakwenda. Binti anakumbuka sauti ya siku ile: "Alisema, 'Mwanangu, watu wananishukuru sana. Wananishukuru wakiwa mlangoni, halafu wanaondoka.'"

Alianguka msimu wa kupanda, mwiko mkononi. Majirani walijaa. Walilia kweli, sisemi uongo. Ila kila aliyemshika binti mkono aliinama na kunong'ona: "Pole sana, dada. Na pipa je?"

Basi jeneza likatoka, watu wakalifuata. Binti akabaki.

"Nilisikia nyimbo zinafifia huku nakoroga," aliniambia. "Nilikuja na nguo za msiba tu. Mpaka leo ndizo ninazofua."

Tunampa pole binti huyo, na wajukuu wanaomngoja mama yao. Pole pia kwa shemeji, ambaye hadi sasa hukwepa mlango ule. Mama Pipa apumzike. Amechoka vya kutosha.

Nanyi mliopanda kwa mkono wake, maharage yenu yameanza kutoa maua. Yatazameni vizuri, kisha mwulizane bila kutazama pembeni: kesho asubuhi nani ataushika mwiko, ili binti akalione kaburi la mama yake?