Lo Yueh-chin, Aliyetunza Vyombo vya Wafalme

Ndugu, jamaa, majirani zetu wa Shilin, mliofanya kazi pamoja na marehemu, nanyi nyote mliokuja kuwasha ubani pamoja nasi asubuhi hii, kwa niaba ya familia ya Hsu na ya Lo ninawasomea maisha ya mama yetu mpendwa, Lo Yueh-chin.

Marehemu alizaliwa tarehe 18 Februari 1944 huko Gongguan, Miaoli, katika kisiwa chetu hiki, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Lo A-tien, mfinyanzi wa mitungi ya kuchachushia mboga, na mkewe Liu Man-mei, akalelewa kwa lugha ya Kihakka na moshi wa tanuri, akasoma shule ya msingi papo hapo Gongguan kuanzia 1951 hadi 1957, kisha sekondari mjini Miaoli alikohitimu mwaka 1963, na baada ya kumsaidia baba yake kukanda udongo kwa muda, akaenda Taipei kutafuta kazi.

Tarehe 1 Machi 1966 aliajiriwa katika jumba la makumbusho ya taifa linalohifadhi hazina za wafalme wa China, akapangiwa ghala la vyombo vya kauri chini ya Mwalimu Ku Wen-heng, mtu wa mji wa Beiping, China bara, aliyevuka bahari na masanduku ya hazina hizo mwaka 1949, mkali, mwenye maneno machache, ambaye marehemu alikiri kwamba kwa miaka mingi alimwogopa kuliko matetemeko ya ardhi. Huyo ndiye aliyemfundisha kuvua pete na saa kabla ya kazi, kutopokezana chombo mkono kwa mkono, na kwamba chombo kikishatoka kwenye sanduku lake hakiwekwi popote ila mezani penye mto, au sandukuni mwake.

Alifunga ndoa tarehe 14 Novemba 1971 na baba yetu, Hsu Chin-fa, fundi wa reli, wakajaliwa watoto wawili, mimi Kuo-liang mwaka 1973 na An-wan mwaka 1978, na jina la huyu wa pili lina habari yake, ambayo marehemu alitaka isomwe leo, kwani alituambia akiwa kitandani, "Msije mkanisomea tarehe tupu kama matangazo ya treni. Semeni na lile la bakuli."

Mchana wa tarehe 6 Juni 1978, akiwa na mimba ya miezi minane, marehemu alikuwa ameshika bakuli la buluu iliyofifia, kazi ya mafundi wa enzi ya wafalme wa Song, karibu miaka elfu moja iliyopita, Mwalimu Ku akiwa upande wa pili wa chumba, ndipo ardhi ikatikisika, taa zikazimika, meza ikapinduka na mito yake na sanduku la bakuli, na kabati la chuma likamwangukia mzee yule kifuani likambana ukutani. Marehemu alikuwa ameshakaa sakafuni kama alivyofundishwa, bakuli amelikumbatia juu ya tumbo lake, mlango umekwama, na nje hakuna aliyeitika wito wake.

"Shikilia!" Mwalimu Ku alisema, pumzi ikimkatika. "Usinishughulikie mimi. Shikilia hilo."

"Mwalimu, pumzi inakuishia."

"Nimesema shikilia, binti! Ukiliweka chini, usinijue tena!"

Marehemu alivua aproni yake, akaikunja juu ya sakafu tupu, akaliweka bakuli juu yake, akatambaa hadi kwenye kabati, akaegemeza mgongo wake pale na kusukuma kwa miguu, huku akijua kwamba tetemeko lingine litafuata, na kweli likafuata, akalisikia bakuli likigongagonga sakafu gizani nyuma yake, asigeuke, akaendelea kusukuma mpaka mzee akapata nafasi ya kuvuta pumzi, na hivyo ndivyo walivyokutwa mlango ulipovunjwa, bakuli likiwa zima.

Alieleza mwenyewe kwa wakubwa wake alichokifanya, akapewa karipio na kubakizwa kazini, lakini alipompelekea Mwalimu Ku mchuzi wa kuku hospitalini, mzee aligeukia ukutani.

"Ulinisikia nilipokukataza?"

"Nilikusikia, Mwalimu."

"Basi ondoka na mchuzi wako."

Hawakuonana tena hadi sherehe ya mwezi mmoja wa mtoto, tulipokuwa tunawagawia wageni mayai mekundu ya desturi, mzee akatokea mlangoni na mkongojo, akakataa kuketi, akasema mbele ya watu wote kwamba mwaka 1949, gatini Nanjing, meli ilipokuwa imejaa watu na masanduku, yeye alipanda na masanduku, akamwambia mkewe, Shen Wan-ju, apande meli itakayofuata, na haikuja meli nyingine. "Kwa miaka yote hii nimejiambia kwamba haikuwezekana vinginevyo," alisema, "halafu huyu, na tumbo lake hilo, akaweka bakuli chini." Kisha akaomba mtoto apewe sehemu ya jina la mkewe. Bibi yetu mzaa baba alinong'ona, "Jina la mtu aliyepotea? Tunatafuta mkosi?" lakini marehemu akajibu, "Ndilo hilo hilo, mama. Ataitwa An-wan."

Mwalimu Ku alifariki mwaka 1985, kabla ya njia ya kwenda China bara kufunguliwa, naye marehemu akavaa nguo za maombolezo kama binti yake wa kumzaa. Mwezi Aprili 1990 alisafiri hadi Nanjing, akaulizauliza mitaani, akamkuta Bibi Shen yu hai, peke yake katika chumba kimoja, naye bibi huyo akauliza kwanza kama mumewe alikuwa akipata chakula kizuri, kisha akauliza, "Na yale masanduku, yalifika?"

"Yalifika, mama."

"Sikuwahi kuona kilichomo. Yalikuwa yamefungwa daima."

Marehemu akampa picha, na yule bibi akaisogeza dirishani, akaitazama mpaka chai ikapoa, akasema, "Kumbe ni bakuli," akaomba aachiwe picha hiyo.

Marehemu alistaafu tarehe 28 Februari 2004, akampoteza mumewe mwaka 2011, akaanza kuugua mapafu Agosti 2018, akatibiwa hapa Taipei, na akafariki tarehe 4 Novemba 2019, saa nne asubuhi, wajukuu wakibishana kwa sauti ya chini ni nani ashike mkono upi. Anaacha watoto wawili na wajukuu watatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomstahimili, kwani hakuwa mgonjwa mwepesi, majirani waliotuletea uji kila asubuhi, na wafanyakazi wenzake, ambao jana walisimama karibu na jeneza lake, mikono wazi, bila pete wala saa.

Upumzike kwa amani, mama, binti wa Gongguan.