Siku Mama Povu Alipoleta Ndoo Maabara

Mheshimiwa Meneja Mkuu, viongozi wa chama cha wafanyakazi, watoto na wakwe wa Mama Povu mliojaza safu nzima ya mbele, na nyinyi wenzangu mliotoka zamu mkaja na mabuti yenu, hamjambo! Nimepewa dakika tano za kumuaga msimamizi wetu wa matangi ya povu, aliyefanya kazi hapa miaka thelathini na moja. Dakika tano! Hata kumsalimia hazitoshi.

Wakwe mnaojiuliza mama yenu alikuwa akifanya nini siku zote hizo, sikilizeni. Tunasaga mawe, tunayachanganya na maji na dawa, kisha tunapuliza hewa. Madini ya risasi yanapanda na povu, tunayakusanya. Zinki inatakiwa ibaki chini, isubiri zamu yake.

Sasa mwaka ule wa mvua nyingi zinki ikaanza kupanda pamoja na risasi, na wanunuzi wakakataa mzigo mara mbili. Mimi, mhandisi mpya, shati limenyooka, nikajifungia maabara wiki tatu. Mawe yaleyale, dawa ileile, na kila nikijaribu zinki inatulia chini. Nikahitimisha nini? Kwamba mawe hayana shida, dawa haina shida, basi shida ni watu! Ikatoka ripoti iliyopendekeza zamu yote ya Mama Povu iachishwe kazi... Hapana, hilo nitalirudia.

Siku mbili kabla ya barua za kuachishwa kutolewa, Mama Povu akaingia maabara bila hodi, ndoo mkononi.

"Mwanangu, hivyo vipimo vyako umetumia maji gani?"

"Ya bomba, mama."

Akanitazama mpaka nikajishtukia. "Na sisi kule kwenye matangi, nani katupa ya bomba?"

Jamani! Matangi yalikuwa yanatumia maji yaliyorudishwa kutoka bwawani. Mvua ilikuwa imepita kwenye lundo la mawe ya zamani, ikageuka kali kama siki, ikayeyusha shaba na kuishusha bwawani. Akatoa msumari wa chuma aliouacha ndani ya ndoo ya maji hayo tangu asubuhi. Ulikuwa mwekundu, umevaa shaba. Shaba hiyo ndiyo iliyokuwa ikijibandika kwenye chembe za zinki, dawa ikazishika na kuzipandisha. Tukaongeza chokaa, ukali wa maji ukaisha, shaba ikaganda na kuacha kusumbua. Kabla ya zamu kwisha zinki ilikuwa imetulia chini, na watu kumi na wawili wakabaki na kazi zao.

Mwanamke huyu hakukanyaga chuo chochote. Leo hakuna zamu inayoanza hapa bila kupima maji, na hakuna mhandisi anayepita mikononi mwake akabaki na kiburi. Najivunia kusema nilifundishwa naye.

Lakini Mama, miaka yote hii wewe na wenzako mmekuwa mkisema ripoti ile ilitoka makao makuu. Haikutoka huko. Niliiandika mimi, kwa mkono wangu, na sikuwahi kuwa na ujasiri wa kukuambia. Nisamehe, mama yangu.

Mnamsikia Mama anavyosema? Mlio nyuma hamjasikia, ngoja niwarudilie maneno yake: "Nilijua. Ndiyo maana ndoo nilikuletea wewe, sikuipeleka kwa meneja."

Basi, mimi nimemaliza. Simameni tumpigie makofi. Nawashukuru wote kwa kunisikiliza.