Bi Brashi Hataki Majibu

Leo Jumamosi, tarehe thelathini Juni, Bi Brashi anatimiza miaka ishirini na sita ya kazi hapa jabalini, na leo hiihii anastaafu. Kwenye karatasi za ofisi cheo chake ni "mhudumu wa mwamba". Sisi wapandaji tunaijua kazi yake kwa neno moja: kufuta. Amefuta chaki yetu, amefuta vistari vyetu, na mara nyingine amefuta na kiburi chetu, bure, bila kuombwa.

Wageni mliokuja kwa ajili ya keki tu, ngojeni tuelezane haraka. Mpandaji anapaka chaki mikononi ili jasho lisimtelezeshe. Chaki inabaki kwenye mwamba. Halafu wapo wajanja wanaochora kabisa: kistari kando ya kila kishikio, ili wakifika pale wanahema kama mbuzi wa mnadani, wajue mkono unakwenda wapi. Haya, chora, lakini ukishuka futa! Nyuma yako kuna mwenzako anayetaka kupanda kwa kile tunachokiita jicho la kwanza. Hajawahi kuigusa njia hiyo, hajaambiwa kitu, hajaona mtu akiipanda. Anaitazama kutoka chini, anajifunga kamba, anakwenda. Akianguka hata mara moja, kamba itamdaka na hataumia, ila jicho la kwanza kwenye njia ile ndiyo basi tena, maisha yote. Na jabali letu limeinama mbele kama paji la uso, mvua haifiki ukutani. Usipofuta wewe, kistari chako watakikuta wajukuu zako.

Kuna bingwa mmoja alikuja hapa na mfuko wa chaki mkubwa kama ndoo. Alipomaliza, ukuta ulikuwa kama duka la unga lililopitiwa na kimbunga. Nyuma yake alikuwa anasubiri dada mmoja muuguzi, ameupa ukuta mgongo asione mtu akipanda, siku yake pekee ya mapumziko, naye anataka jicho la kwanza. Bi Brashi akasimamisha foleni nzima, akajining'iniza kwenye kamba, akaanza kusugua. Bingwa akanung'unika, eti ni chaki tu, kwani kuna nini?

Bi Brashi wala hakugeuka. "Mwanangu, haya ni majibu. Mwenzako hajafanya mtihani."

Muuguzi alipanda mpaka juu bila kuanguka, akalia hukohuko juu. Bingwa alikabidhiwa brashi ya pili.

Watu wanasema mama yule mkali. Ndiyo, mkali! Angekuwa mpole, leo tungekuwa tunapanda ubao wa matangazo.

Lakini hebu fikirieni. Huwezi kufuta kishikio bila kukiona, kukigusa, kuingiza brashi mpaka kwenye kona yake ya ndani. Bi Brashi anazijua njia za hapa kama anavyojua kabati la vyombo vyake. Maana yake, huyu aliyewalindia watu wote jicho la kwanza, mwenyewe hakubaki na njia hata moja.

Isipokuwa ile ya kushoto kabisa, nyuma ya bomba la maji. Iliyoifungua ni drili ya shemeji yake, fundi wetu wa bolti, vile vyuma vya mwambani vya kushikizia kamba, mume wa mdogo wake. Kabla vumbi halijatua, Bi Brashi akatangaza: hii msinionyeshe, hii nitaipanda siku ninayostaafu. Tangu hapo akipita upande ule anatazama viatu vyake. Mkianza kuisimulia anaimba kwa sauti, na anaimba vibaya, makusudi. Anayeifuta ni Shemeji. Wakikaa mezani Jumapili mdomo unamwasha, na mkewe anampiga teke chini ya meza kabla hajafika neno la pili.

Sasa sikieni ya juzi Alhamisi. Kamati, kwa mapenzi mema kabisa, ilikaa ikaona: mama ana miaka sitini, magoti ndiyo yale, wageni watakuwepo, mpiga picha keshaitwa. Wakaichora njia nzima! Kistari kwa kila kishikio, na mishale ya miguu. Eti zawadi.

Bi Brashi akaja kuchukua viatu vyake vya kupandia, kona ya jicho ikanasa weupe. Akageuka papo hapo, akajifunika taulo kichwani, akafika ofisini anapapasa ukuta.

"Mwenyekiti, nimeona weupe. Wapi, sijaona. Futeni kabla sijaona."

"Dada, tumefanya kwa heshima yako."

"Heshima gani hiyo, mnanipandia njia yangu?"

"Na ukianguka mbele ya wageni?"

"Nianguke! Kamba si ipo? Ila niachieni kuanguka kwangu kuwe kwangu."

Mwenyekiti alivua tai akaenda kufuta mwenyewe, yeye ambaye siku zote alisema kazi ile ni nyepesi. Aliposhuka hata kope zilikuwa nyeupe. Shemeji akapita na tochi kila ufa, akamrudisha juu mara mbili. Muda wote huo Bi Brashi alikuwa nyuma ya ofisi na kikombe cha chai, anapaza sauti: "Bado?"

Bi Brashi haachi mrithi. Tulipomuuliza nani atafuta kuanzia kesho, alijibu, "Kwani mimi nilikuwa yaya wenu?" Ametundika brashi getini, safu nzima. Mkono uliochora ndio utakaofuta, na asiyetaka aende akachore kwao.

Mkimaliza kusoma hapa, yeye atakuwa anafunga fundo lake. Tunawaomba jambo moja tu. Asitokee mtu wa kupiga kelele "kulia!" wala "juu kidogo!" Mliowahi kuipanda njia ile, tazameni chini, maana nyuso zenu hazijui kutunza siri. Shemeji tumeshampeleka nyuma ya hema la keki, tena na mkewe pembeni.

Bi Brashi, asante kwa kila ukuta uliotuachia mtupu. Maisha yako ya kustaafu yawe mema na marefu, na magoti yakutii. Hatukuambii kitu kingine.