Papai Lililopimwa Ubongo

Wasikilizaji wapendwa, yote nitakayowasimulia leo ni kweli tupu. Naapa. Nikitia chumvi hata punje, zimeni redio zenu. Mjane wa marehemu yuko nami hapa studio, amevaa visikizio, ananitazama.

Tunamkumbuka kaka yangu, mpiga picha wa hospitali. Si picha za harusi. Kaka alipiga picha za ubongo. Unalala kwenye mashine, unatulia kama gogo, ubongo unaonekana bila kisu kugusa fuvu. Miaka thelathini na moja, chumba kile kile kisicho na dirisha, sweta lile lile la kijivu.

Picha zilikuwa nyingi, madaktari wachache. Akajifunza kompyuta mwenyewe, ukubwani. Akailisha picha mia nane, za wagonjwa na za wazima, ili itambue uvimbe. Mia nane, wasikilizaji. Kompyuta ikashika somo, ikawa haikosei.

Ndipo akaja fundi cherehani, mama wa watoto watatu, kichwa kinamuuma. Pichani palikuwa na kivuli. Madaktari wakabishana. Kompyuta haikubishana: uvimbe. Ikapangwa afunguliwe fuvu Jumatatu.

Kaka hakutulia. "Huyu mama anatunga uzi kwenye sindano bila miwani," aliniambia. "Mkono hautetemeki hata kidogo. Kuna kitu hakikai sawa."

Ijumaa mchana akachukua papai bivu, akalilaza kwenye mashine kwa heshima zote, akalifunga mkanda. Papai, wasikilizaji! Kompyuta ikajibu: uvimbe.

Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka. Hospitali ilikuwa na mashine mbili. Ile kuukuu, jirani na wodi ya mahututi, ndiyo iliyowapiga picha karibu wagonjwa wote wa uvimbe, na iliacha mstari mweupe pembeni mwa kila picha. Akaukata ule mstari kwenye picha ya papai, akauliza tena. Kompyuta ikasema: mzima. Kumbe haikujifunza ugonjwa. Ilijifunza mstari. Na fundi cherehani alipigwa picha kwenye mashine hiyo hiyo kuukuu.

Jumatatu asubuhi kaka alisimama mbele ya madaktari. "Kompyuta yangu inadanganya," alisema. "Nimeifundisha vibaya mimi mwenyewe."

Upasuaji ukasitishwa. Akakata kingo za picha zote mia nane, akaanza kufundisha upya. Kile kivuli? Kovu la zamani. Fundi cherehani yupo, anashona hadi leo.

"Shemeji," mjane amevuta maikrofoni. "Papai gani?"

"Lile bivu, shemeji."

"Papai lina fuvu?"

Tupate kwanza wimbo mmoja, wasikilizaji wapendwa.

"Sema, au niseme mimi."

Haya. Halikuwa papai. Kilikuwa kichwa changu. Kaka alihitaji mtu mwenye afya, akaniita. Nilipoona neno "uvimbe" nililia kwa sauti, na kabla hajanieleza nilikuwa nimeshaanza kugawa nguo zangu.

"Na suruali ya kahawia ulimpa nani?"

"Mfagizi, shemeji. Akakataa kuirudisha."

Kwako shemeji, na kwa watoto, poleni sana. Nanyi mlio nyumbani, tafakarini: nani kati yetu angesimama Jumatatu asubuhi, mbele ya wakubwa wake, aseme nimekosea? Mimi imenichukua miaka tisa. Na nimelazimishwa.