Maisha ya Mama Kiatu Kimoja (1951–2023)

Mama tunayemsindikiza leo alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba namba saba ya makazi ya wafanyakazi wa reli. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita. Baba yake alikuwa karani wa mizigo pale stesheni, na mama yake alikuwa dobi aliyefua na kupiga pasi sare za nusu ya stesheni hiyo. Kwa baba yake alijifunza kufunga kifurushi kwa kamba moja isiyokatwa, fundo likae juu ili mpokeaji asihangaike. Ndugu zake wanakumbuka kwamba utotoni alifunga kila alichokiona: vitabu, mito, hata paka wa jirani, ambaye alivumilia mpaka fundo la pili.

Alianza darasa la kwanza Januari 1958 katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1964 na kuendelea na sekondari. Hesabu alizipenda. Kuimba alikupenda zaidi, ingawa mwalimu wa kwaya alimwomba kwa upole asimame mstari wa nyuma na awe anafungua mdomo tu. Novemba 1966, yeye akiwa kidato cha pili, baba yake aliangukiwa na kreti ghalani akavunjika nyonga. Ilibidi mmoja wa watoto aache shule amsaidie mama kufua, na zamu ikamwangukia yeye. Hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika. Lakini wiki hii, tulipofungua kabati lake, tulikuta madaftari yake ya kidato cha pili yote yapo, yamejalidiwa upya.

Tarehe 8 Januari 1969 aliajiriwa kufagia katika duka la viatu la barabara ya soko. Baada ya mwaka mmoja alipelekwa stoo, na mwaka 1974 akawa muuzaji. Alibaki hapo hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2005. Alikuwa na jicho la ajabu la miguu. Alikuwa anaweza kukaa harusini akamnong'oneza jirani yake kwamba bwana harusi ni mguu wa namba tisa uliotiwa kwenye namba nane, na kwamba hotuba yake itakuwa fupi. Ilikuwa fupi kweli.

Mumewe, seremala ambaye mtaa mzima unamwita Fundi, aliingia dukani hapo mwaka 1975 kununua viatu vyeusi vya ngozi. Baada ya siku nne alirudi akisema vinabana, akabadilishiwa. Wiki iliyofuata alirudi tena, safari hii vinapwaya. Aliporudi mara ya tatu, marehemu alimtazama miguu, akamtazama usoni, akamwambia kwamba yeye ni namba nane tangu siku ya kwanza, na kama ana neno jingine aliseme upesi maana kuna wateja nyuma yake. Fundi alikuwa nalo. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976. Baada ya mimba mbili kuharibika, Mungu aliwajalia binti tarehe 2 Mei 1980, na mtoto wa kiume mwaka 1984.

Kazi ambayo wengi wenu mmemjua kwayo ilianza Novemba 1986. Mama mchungaji aliwaonyesha akina mama wa kanisa picha za watoto wa nchi ya mbali iliyokuwa imetoka vitani, watoto ambao hawakuwa wamewahi kupewa zawadi ya Krismasi, akaomba kila nyumba itoe ilicho nacho. Marehemu alikumbuka stoo yake, ambako kila Ijumaa maboksi matupu ya viatu yalipelekwa nyuma ya duka kuchomwa moto. Asubuhi yake alimwomba mwenye duka ampe yeye. Mwenye duka, ambaye hakuwa mtu wa kutoa kitu kirahisi, alimuuliza maboksi matupu yatamsaidia nani. Alimjibu kwamba hayatakuwa matupu.

Mwaka huo walituma maboksi kumi na moja. Ndani waliweka sabuni, mswaki, penseli, daftari, kitana, soksi, kitu cha kuchezea, na barua. Juu ya kila boksi walibandika karatasi inayosema ni la mvulana au la msichana, na wa umri gani. Baadaye yakawa sitini, kisha mia na zaidi. Marehemu hakupokea kitu ambacho mtoaji asingempa mwanawe mwenyewe. Mama mmoja mwenye cheo aliwahi kuleta mwanasesere asiye na mkono. Marehemu alimrudishia kwa heshima zote, akamwambia, "Huyu bado mgonjwa, mama. Akipona mtuletee."

Kila Oktoba sebule ilijaa hadi dirishani. Fundi alitengeneza rafu, rafu nazo zikajaa, akawa anawaambia wageni kwamba yeye ni mpangaji tu, wenye nyumba ni maboksi.

Hapa binti yake, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, anaomba mumvumilie kidogo, kwa sababu lipo jambo ambalo wengi mnalijua nusu.

Mwishoni mwa mwaka 1989 binti huyo alikuwa na miaka tisa. Viatu vyake vya shule vilikuwa vimeshonwa mara mbili, na kidole gumba kilikuwa kimeanza kuchungulia nje. Jioni moja mama yake alirudi na viatu vyekundu vyenye kifungo cha pembeni, akaviweka mezani. Binti alidhani ni vyake. Alikuwa ameshakaa chini na kuvua soksi ndipo akaambiwa kwamba hivyo ni vya msichana wa miaka tisa katika ile nchi ya mbali, na kwamba vyake vitanunuliwa shule zikifunguliwa. Aliona vikitiwa kwenye boksi. Kesho yake, mama alipokwenda kuteka maji kabla ya kufunga kamba, binti alifungua kifuniko, akatoa kiatu cha kulia, akajaza nafasi yake kwa gazeti, akakificha nyuma ya kisanduku cha misumari cha baba yake.

Juni iliyofuata ilikuja barua, mama mchungaji akaitafsiri. Iliandikwa na yule msichana. Aliandika: "Asante kwa kiatu. Ni kizuri sana. Mama amesema cha pili kitakuja Krismasi ijayo, kwa hiyo nakitunza hiki kisichafuke."

Marehemu aliisoma mbele ya kamati ya akina mama, na kabla mtu hajauliza alisimama akasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyefunga lile boksi. Muuzaji wa viatu wa miaka ishirini ametuma kiatu kimoja ng'ambo: watu walicheka, tena walicheka vizuri, bila ubaya. Tangu siku hiyo akawa Mama Kiatu Kimoja. Nyumbani hakucheka. Majuma mawili alipekua stoo ya duka rafu kwa rafu akitafuta kiatu cha kulia, anarudi na vumbi kwenye nywele, anakaa mezani na kuisoma tena ile barua kana kwamba safari hii itasema jambo jingine.

Binti alishindwa kula. Jumamosi moja, mama akiosha vyombo, alikwenda akakileta kiatu, akakiweka juu ya meza, akasimama kando yake akingoja kipigo.

Mama yake alifuta mikono taratibu. Alikitazama kiatu kwa muda mrefu, akakigeuza, akaiona soli ni safi.

"Ulikivaa?" aliuliza.

"Hapana, Mama. Kimoja hakivaliki."

"Basi na mwenzio naye hajavaa."

Maneno hayo yalimuuma binti kuliko fimbo yoyote, akaanza kulia. Ndipo mama yake akavuta kigoda, akaketi, akamwambia alete mguu. Aliushika kwenye kiganja chake kama alivyoshika miguu ya wateja kutwa nzima, akakibonyeza kile kidole gumba, akapima kwa vidole kutoka kisigino hadi mbele. Alipima mara ya pili. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Miguu ya watoto wa watu wote naijua. Wako umekua namba mbili, mimi sijaona." Naye akalia, wakalia wote wawili pale jikoni, mpaka Fundi alipoingia akauliza nani amefariki.

Jumatatu walikwenda posta pamoja. Walituma kile kiatu cha kulia, na jozi nyingine mpya iliyozidi namba mbili, kwa sababu alisema mguu wa mtoto hausubiri posta. Binti aliandika barua kwa mkono wake mwenyewe, akasema ukweli wote na kuomba msamaha. Siku hiyohiyo alinunuliwa viatu vyake, vile alivyokuwa ameahidiwa tangu shule zilipofunguliwa Januari. Majibu hayakuja. Mwaka ule hayakuja, na uliofuata hayakuja, wala hatukujua kamwe kama yule msichana alipata kile kifurushi. Kila mwaka marehemu aliuliza kama kuna barua yoyote kutoka kule, akiambiwa hakuna, anasema haya, na anarudi kwenye kamba zake.

Miaka thelathini na mitatu aliitwa Mama Kiatu Kimoja kanisani, sokoni, hata kwenye mialiko ya harusi, na hakumwambia mtu yeyote nani alikitoa kile kiatu. Mwezi Septemba mwaka huu, akiwa amelazwa, binti yake alimwomba ruhusa ya kusema ukweli siku itakapofika. Marehemu alisema, "Sema, kama utalala vizuri. Lakini jina langu waliache, nimelizoea." Kwa hiyo leo imesemwa, na jina linabaki.

Alipostaafu mwaka 2005 hakukaa. Aliyapeleka maboksi kwenye ukumbi wa kanisa, akawafundisha akina mama vijana kupanga, sabuni mbali na peremende, penseli zichongwe kabisa kwa sababu huenda mtoto hana cha kuchongea. Kila kalamu aliijaribu kwenye kiganja. Kila Novemba mkono wake wa kushoto ulikuwa na michirizi ya rangi zote, na wajukuu wake walidhani ndivyo mikono ya bibi ilivyo.

Februari 2021 alianza kuchoka akipanda ngazi, na daktari akagundua kwamba moyo wake umetanuka. Alikunywa dawa zake kwa utaratibu na kukataa ushauri mmoja tu, ule wa kukaa bila kufanya kazi. Tarehe 11 Septemba 2023 alilazwa, miguu ikiwa imevimba hata hakuna ndala iliyoingia. Waliokuja kumtazama na juisi aliwashukuru, akawaambia wakija tena walete penseli. Siku moja muuguzi wa zamu alikuta jozi kumi na tisa za soksi za watoto chini ya mto, akamuuliza anakwenda nazo wapi. Kesho yake muuguzi huyo alileta ya ishirini.

Ijumaa, tarehe 3 Novemba, binti yake alimpa habari kwamba maboksi ni mia tatu na kumi na mawili, na yote yameshafungwa isipokuwa moja, la mvulana wa miaka sita, ambalo halina barua. Marehemu alitaka kuiandika mwenyewe. Vidole vilikataa. Akamwambia binti ashike kalamu, akaitamka polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache. Alimsalimia mtoto, akamtakia Krismasi njema. Kisha akasema, "Mwambie kalamu ya kijani inaandika vizuri. Nimeijaribu mwenyewe." Aliiomba karatasi, akaitazama, akarekebisha mkato mmoja.

Alifariki kesho yake, Jumamosi tarehe 4 Novemba 2023, saa tisa alasiri, Fundi akiwa amemshika mkono, ule wa kushoto. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Ameacha mume, watoto wawili, wakwe wawili, wajukuu watano, dada wawili na mdogo wake wa mwisho wa kiume. Ameacha pia maboksi mia tatu na kumi na mawili katika ukumbi wa kanisa, nyuma ya hapa tulipo. Lori linakuja Alhamisi saa mbili asubuhi, na tunaomba watu wa kupakia.

Mungu aliyetupa mama huyu ampokee, na ampumzishe kwa amani.